Mbinu za Bondia Mdogo dhidi ya Mpinzani Mkubwa na Mwenye Ujuzi: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Ngumi za Kulipwa za Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna bondia mwenye umbo dogo anavyoweza kumshinda mpinzani ambaye ni mkubwa na, wakati huohuo, ni fundi. Hoja kuu ni kwamba masimulizi yaliyozoeleka kuhusu mdogo kumshinda mkubwa hudhani kuwa mkubwa ni mzito wa akili, hivyo hayamfai bondia anayekutana na mkubwa asiye mjinga. Kwa kuchambua mapambano ambayo matokeo yake yamo katika kumbukumbu za umma, makala yanabainisha nguzo nne za ushindi wa mdogo: utawala wa umbali, pembe ya kuingia na kutoka, uharibifu wa mwili kwa awamu, na usomaji wa mazoea ya mpinzani. Makala yanahitimisha kwamba nguzo zote nne hutegemea muda wa maandalizi. Kwa sababu hiyo, desturi ya kuwaita mabondia kwa taarifa fupi kupigana na wapinzani wakubwa huwanyang'anya silaha yao ya pekee, na ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la ushindi.

1.0 Utangulizi

Katika ngano nyingi za Kiswahili, mdogo humshinda mkubwa kwa sababu mkubwa ana upungufu wa akili. Sungura humshinda fisi kwa kuwa fisi ni mlafi. Abunuwasi humshinda mwenye mamlaka kwa kuwa mwenye mamlaka hakuyapima maneno yake mwenyewe. Msikilizaji hufurahi kwa sababu nguvu imeshindwa na akili, na mgawanyo wa sifa umekamilika: mmoja ana mwili, mwingine ana maarifa.

Lugha ya ngumi imeurithi mgawanyo huo. Mtangazaji anapomsifu bondia mfupi, humwita mjanja, na anapomwelezea bondia mrefu, hutaja nguvu na urefu wa mikono. Tatizo huanza pale mpinzani mkubwa anapokuwa na vyote viwili. Bondia mrefu aliyefundishwa vema hangoji kudanganywa. Anaijua faida ya kimo chake, anaifanyia mazoezi, na anazijua njia anazozitumia wafupi ili kuivunja. Swali la makala haya ni hili: je, mdogo anabakiwa na nini pale ambapo ujanja si mali yake peke yake?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Dar es Salaam. Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na Ilala iliyo jirani, ni maeneo ambayo vijana wengi huishi kwa kazi za mwili: kubeba mizigo, kusukuma mikokoteni, kupanga bidhaa alfajiri. Kwa kijana wa mazingira hayo, ngumi za kulipwa ni mojawapo ya njia chache ambazo mwili huohuo unaweza kumpatia jina na kipato. Njia hiyo mara nyingi humfikisha mbele ya mtu aliyemzidi umbo, uzoefu na maandalizi. Kumwambia kuwa ushindi ni suala la moyo tu ni kumpeleka katika hatari bila ramani.

2.0 Maana ya "Ukubwa" Ulingoni

Ili kuepuka utata, makala haya yanatofautisha aina tatu za ukubwa. Ya kwanza ni ukubwa wa umbo, yaani kimo, urefu wa mikono na uzito. Ya pili ni ukubwa wa ujuzi, yaani ubora wa miguu, ulinzi na uamuzi. Ya tatu ni ukubwa wa jukwaa: nani anapigana nyumbani, nani amepewa muda wa kujiandaa, na nani ni jina kubwa katika tangazo.

Mfumo wa madaraja ya uzito unakusudia kudhibiti aina ya kwanza. Ukomo wa uzani wa welta ni takriban kilo 66.7, wa welta ya juu ni kilo 69.9, na wa uzani wa kati ni kilo 72.6. Kwa maneno mengine, mchezo wenyewe unakiri kuwa tofauti ya kilo tatu hivi inatosha kubadilisha haki ya pambano. Hata hivyo, mfumo huo haudhibiti kimo. Wala hauzuii bondia kuongezeka kilo kadhaa kati ya saa ya kupima uzito na saa ya kupanda ulingoni. Aina ya pili na ya tatu za ukubwa hazipimwi kwa mizani yoyote.

3.0 Nguzo Nne za Ushindi wa Mdogo

3.1 Utawala wa umbali

Nafasi iliyo kati ya mabondia wawili wasiolingana kimo inaweza kugawanywa katika kanda tatu. Katika ukanda wa nje, hakuna anayemfikia mwenzake. Katika ukanda wa kati, mrefu anamfikia mfupi, lakini mfupi hamfikii mrefu. Katika ukanda wa ndani, wote wawili hufikiana, ila mikono mirefu hukosa nafasi ya kunyooka. Uchambuzi wote wa pambano la namna hii unaweza kujengwa juu ya kanuni moja: mfupi apunguze kadiri iwezekanavyo muda anaoutumia katika ukanda wa kati.

Kosa la kawaida la mfupi si uoga wa kuingia, bali ni kusimama katika ukanda wa kati akitafuta nafasi ya kuingia. Hapo ndipo jabu, ile ngumi nyoofu ya mkono wa mbele, humkuta. Kila jabu inayompata humrudisha alikotoka na humwongezea mpinzani alama. Waamuzi huzingatia ngumi safi, uchokozi wenye tija, ulinzi na utawala wa ulingo. Hivyo mrefu anayempiga mwenzake katika ukanda wa kati bila kujibiwa anashinda raundi hata kama hakuna ngumi nzito iliyotua.

Dhidi ya mrefu asiye fundi, kuvuka ukanda huo kwa kasi kunatosha. Fundi, hata hivyo, ana majibu matatu: hurudi hatua moja ili ukanda wa kati uhame pamoja naye; humkaribisha mfupi kwa apakati, ngumi inayopanda kutoka chini; au humkumbatia na kumlalia kwa uzito wake wote. Mpango wa mfupi usiokuwa na jibu kwa kila moja kati ya haya matatu ni nusu ya mpango.

3.2 Pembe ya kuingia na kutoka

Jibu la kwanza ni kutoingia mara mbili kwa mstari uleule. Bondia anayeingia kwa mstari mnyoofu humpa mrefu kazi rahisi ya kupima. Anayeingia huku kichwa kikiwa nje ya mstari wa jabu, na mguu wake wa mbele ukiwa nje ya mguu wa mbele wa mpinzani, humlazimisha mrefu kugeuka kabla ya kupiga. Kugeuka huchukua muda, na muda huo ndio wa mfupi.

Jibu la pili ni kuzuga. Neno hili la mitaani linaeleza kwa usahihi tendo ambalo vitabu vya ngumi hulitumia kurasa nyingi kulieleza: kuonyesha dalili ya tendo lisilokuja. Bondia fundi hujibu dalili, kwa kuwa amefundishwa kuona mapema. Kwa hiyo, kinyume cha matarajio ya wengi, kuzuga humpata zaidi fundi kuliko asiyejua. Asiyejua haoni bega lililotikisika. Fundi huliona na kulijibu. Hapa ndipo ujuzi wa mkubwa unapoanza kutumika dhidi yake mwenyewe.

Jibu la tatu linahusu kutoka. Mfupi wengi hufundishwa kuingia na kupiga, lakini hawafundishwi kuondoka. Anayerudi nyuma kwa mstari alioingilia huupitia ukanda wa kati kwa mara ya pili, safari hii akiwa amechoka na mikono imeshuka. Kutoka kwa ubavuni, au kubaki ndani hadi mwamuzi awatenganishe, ni salama zaidi.

Pambano la Oleksandr Usyk na Tyson Fury lililofanyika Riyadh tarehe 18 Mei 2024 linatoa kielelezo. Usyk, mwenye kimo cha takriban sentimita 191, alimkabili mtu wa takriban sentimita 206 ambaye, kwa umbo lake, alikuwa na miguu na mikono ya ufundi wa hali ya juu. Usyk, anayepigana kwa kutanguliza mkono wa kulia, hakungoja katika ukanda wa kati. Alibana, akabadilisha pembe na kurudi tena. Katikati ya pambano Fury alimtesa kwa apakati na ngumi za mwili, jambo linalothibitisha kuwa fundi mkubwa huyapata majibu. Katika raundi ya 9, Usyk alimyumbisha hadi kamba zikamzuia Fury asianguke na mwamuzi akamhesabia. Majaji waligawanyika: 115 kwa 112 na 114 kwa 113 kwa Usyk, 114 kwa 113 kwa Fury. Alama hizo zinafundisha kuwa hata mpango bora wa mdogo hupata ushindi mwembamba, na kwamba raundi moja ya uharibifu yaweza kuwa tofauti nzima.

3.3 Uharibifu wa mwili kwa awamu

Methali isemayo "bandu bandu huisha gogo" inaeleza nguzo ya tatu. Kichwa cha mrefu kiko mbali na kinasogea. Mbavu na tumbo viko karibu na vinasogea kidogo. Mfupi anayetafuta kichwa tangu kengele ya kwanza hurusha ngumi za kupanda, hukosa, na kukosa huchosha kuliko kupata. Ngumi za mwili katika raundi za mwanzo hazileti shangwe ukumbini, na pengine hazionekani katika alama, lakini hufanya kazi mbili. Hupunguza kasi ya miguu ambayo ndiyo inayouhamisha ukanda wa kati. Pia hushusha viwiko vya mpinzani, na viwiko vikishuka kichwa hubaki wazi.

Ndani ya kumbatio, kazi hii haipaswi kukoma. Fundi mkubwa hulikumbatia umbo dogo ili kupumzika na kumchosha mwenzake kwa uzito. Mfupi huweka paji la uso kifuani mwa mpinzani, chini ya kidevu, huulinda mkono mmoja usifungwe, na huutumia mkono huo kupiga mbavu hadi mwamuzi aingilie. Lengo ni kukifanya kila kipumziko cha mkubwa kiwe na gharama.

Roberto Durán alionyesha ubora wa kazi ya karibu tarehe 24 Februari 1989 huko Atlantic City, alipomnyang'anya Iran Barkley ubingwa wa WBC wa uzani wa kati. Durán, aliyepata umaarufu wake wa kwanza kama bingwa wa uzani mwepesi usiozidi kilo 61.2, alikuwa mfupi kwa takriban sentimita 15 kuliko Barkley na alikuwa na umri wa miaka 37. Alikaa karibu, akikwepa kwa kugeuza bega na kichwa kwa sentimita chache badala ya kukimbia, na akajibu kila alipokoswa. Katika raundi ya 11 alimwangusha Barkley, na akashinda kwa uamuzi uliogawanyika.

3.4 Usomaji wa mazoea

Nguzo ya nne ndiyo inayomhusu hasa mpinzani mwenye ujuzi. Asiyejua hana mazoea. Hupiga ovyo, na vurugu yake haisomeki. Fundi ana mazoea kwa sababu ufundi wenyewe ni mazoea yaliyokomaa. Mikono yake hurudi kwa njia ileile, miguu yake hufuata mpangilio uleule, na akibanwa hukimbilia ngumi anayoiamini. Kosa la fundi, kwa hiyo, limo ndani ya ufundi wake.

Tarehe 8 Machi 1971 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali kwa alama baada ya raundi 15. Frazier alikuwa mfupi kwa takriban sentimita tisa. Eddie Futch, mmoja wa walimu katika kona yake, alikuwa amebaini kuwa Ali anapotaka kurusha apakati ya kulia hushusha mkono huo na kuliacha shavu wazi kwa huki ya kushoto, ngumi ya kupinda ambayo ndiyo ilikuwa silaha kuu ya Frazier. Huki hiyo ndiyo iliyomwangusha Ali katika raundi ya 15. Umma ulishuhudia ngumi moja. Kwa hakika ilikuwa matunda ya kutazama, kurudia na kungoja.

4.0 Mifano Inayohitaji Tahadhari

4.1 Kinshasa, 1974

Hakuna pambano linalotajwa zaidi barani Afrika kuliko lile la Muhammad Ali na George Foreman lililofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Foreman alikuwa hajapoteza pambano katika 40, na alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige hadi achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Kutokana na simulizi hilo, vijana wengi wamejifunza kuwa mdogo aegemee kamba na kuvumilia.

Somo hilo si sahihi kwa sababu mbili. Kwanza, Ali hakuwa mdogo. Kwa kimo cha takriban sentimita 191 alilingana na Foreman, na urefu huo ulimwezesha kuegemea nyuma kichwa kikawa mbali, kuishika shingo ya Foreman na kuivuta chini. Pili, hakuvumilia tu: alikinga kwa mikono, na alijibu kwa ngumi nyoofu za usoni katika raundi zilezile ambazo hadithi humchora kama aliyekuwa akipigwa. Mfupi akiegemea kamba mbele ya fundi mrefu huwa amejifungia mwenyewe katika ukanda wa kati. Wahenga walionya kuwa ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Onyo hilo linahusu pia kuiga mbinu iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine.

4.2 Birmingham, 2018, na Liverpool, 2022

Mfano wa karibu zaidi ni wa Mtanzania Hassan Mwakinyo, mzaliwa wa Tanga. Tarehe 8 Septemba 2018 huko Birmingham, alimkabili Sam Eggington, bondia wa Uingereza aliyewahi kushika ubingwa wa Ulaya wa uzani wa welta na ambaye alikuwa akipigana mbele ya watu wake. Mwakinyo hakuwa jina linalofahamika sana huko. Alimshambulia mwenyeji kwa ngumi mfululizo hadi mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya 2. Ukubwa alioushinda hapa ulikuwa hasa wa aina ya tatu, yaani ukubwa wa jukwaa. Ushindi huo waweza kufasiriwa kwa nguzo ya nne ikiwa imegeuzwa: asiyefahamika hasomeki kwa urahisi, na dirisha hilo hufunguka katika raundi za mwanzo kabla mpinzani hajapata vipimo. Mwakinyo alilitumia dirisha likiwa wazi.

Tarehe 3 Septemba 2022, Mwakinyo alikutana Liverpool na Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO wa welta ya juu. Safari hii hakuwa mgeni asiyejulikana tena. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya 4, naye baadaye alieleza kuwa alikuwa na maumivu ya mguu. Kwa madhumuni ya makala haya, jambo la kuzingatia ni nafasi ya mguu katika mfumo mzima. Umbali, pembe na kutoka vyote hutekelezwa kwa miguu. Mkubwa aliyeumia mguu bado ana mikono mirefu. Anayepigana na aliyemzidi, akiupoteza mguu, amepoteza nguzo mbili kwa mpigo.

5.0 Mipaka ya Mbinu

Ufafanuzi huu haudai kuwa mbinu huondoa tofauti ya umbo. Mbinu hupunguza pengo, haliondoi. Hata uzito ukilingana, mchezo huu huua. Mnamo Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alifariki siku chache baada ya kusimamishwa katika raundi ya 14 na Ray Mancini huko Las Vegas, katika pambano la uzani mwepesi. Baada ya kifo hicho, WBC ilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Ikiwa wawili walioidhinishwa na mizani moja wanaweza kufikia hapo, pambano lisilo na ulinganifu linahitaji uangalifu zaidi.

Hapa ndipo hoja ya muda inapojitokeza. Kila nguzo iliyofafanuliwa hudai wiki za kazi mahususi. Umbali hujengwa kwa kufanya mazoezi na wenzi warefu. Pembe hujengwa kwa kurudia hatua hadi mguu ufanye bila kuambiwa. Pumzi ya kubana raundi nyingi haipatikani kwa siku kumi, na mazoea ya mpinzani hayasomwi ndani ya ndege. Bondia anayeitwa kwa taarifa fupi, apande daraja la uzito na kusafiri kwenda kumkabili fundi nyumbani kwake, anaondolewa nguzo zote nne kabla ya kengele. Kinachobaki ni moyo, na moyo ndio unaomfanya aendelee kusimama wakati alipaswa kusimamishwa.

Kutokana na hoja hiyo, mwalimu na bondia wanapaswa kujiuliza maswali manne kabla ya kutia saini. Je, kuna muda wa kutosha kujiandaa kwa umbo hili mahususi? Je, wapo wenzi wa mazoezi wanaolingana na mpinzani kwa kimo? Je, mapambano yake ya nyuma yametazamwa na zoea walau moja limebainishwa? Je, kona imekubaliana mapema ni dalili zipi zitakazomfanya mwalimu alisimamishe pambano, bila kumwuliza bondia? Jibu la hapana kwa maswali matatu ya mwanzo linamaanisha kuwa mpango haupo. Jibu la hapana kwa swali la nne linamaanisha kuwa ulinzi haupo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mdogo hamshindi mkubwa mwenye ujuzi kwa kuwa mjanja zaidi, kwa maana ile ya ngano. Humshinda kwa kuichagua nafasi ambayo umbo kubwa halina faida, kuifikia kwa pembe, kuibomoa miguu ya mpinzani kupitia mwili wake, na kulingojea zoea ambalo ufundi wenyewe umelizalisha. Yote hayo ni kazi inayoweza kufundishwa na kukaguliwa, si muujiza.

Makala yanapendekeza kwamba wasimamizi wa ngumi za kulipwa nchini, wanapotoa kibali cha bondia kupigana nje, wazingatie muda wa taarifa na tofauti ya madaraja kwa uzito uleule wanaoupa uchunguzi wa afya. Aidha, tafiti zijazo zichunguze msamiati wanaoutumia walimu wa ngumi wa Ilala na Kariakoo katika kufundisha umbali na pembe, kwa kuwa maarifa hayo hupitishwa kwa mdomo na kwa sehemu kubwa hayajaandikwa. Kijana wa mkokoteni anayeingia ulingoni jioni anastahili kuyapata kwa lugha yake kabla hajayapata kwa ngumi.